Upande wa Demani

Mwanzoni mwa Oktoba rafiki yetu aliye Leeds, Uingereza, alitutumia picha ya mti, na chini ya picha akaweka sauti ya sekunde chache: "Yakhe, huku mti mzima wageuka mkungu!"

Tulikuwa wanne barazani usiku ule, simu ikapita mkono kwa mkono. Aliyekulia Mombasa haelezwi maana ya maneno hayo. Mkungu ndio mti wa mitaani kwetu unaogeuza majani yake mekundu kabla ya kuyaangusha, na huyaangusha kwa zamu, jani hapa jani pale, matawi mengine yakiwa bado kijani. Utotoni tuliokota kungu chini yake, tukazipasua kwa jiwe tukala kokwa, na yale majani mapana tukayafanya sahani za kuchezea. Sasa mwenzetu alikuwa amesimama kwenye barabara ambayo kila mti, toka kona hadi kona, umewaka rangi ile. Akatueleza kwamba siku zikifupika na baridi ikaingia, mti huacha kutengeneza ule ukijani wa majani. Manjano iliyokuwa imefichika ndani ndipo hujitokeza, na miti mingine hutengeneza wekundu mpya kabisa jani likiwa mwishoni mwa maisha yake. Alikuwa ameulizia kazini. Ndivyo alivyo tangu darasa la nne, hapiti kitu bila kuuliza.

Halafu akauliza: "Na huko kwetu ni majira gani sasa?"

Mmoja wetu, yule fundi wa simu, akajibu kabla yetu sote: "Demani."

Vitabu vya shule hutumia neno vuli kwa majira yale ya Ulaya ya majani kupukutika. Kwetu vuli ni mvua, zile ndogo za Oktoba hadi Disemba. Lakini kabla vuli haijashika kuna demani, mwisho wa kusi, tangu Agosti inapokwisha mpaka Novemba inapoanza. Upepo umepungua ukali, bahari imetulia, wavuvi waliokuwa wakiangalia mawimbi kwa miezi wanatoka tena kwa raha, na kaskazi haijafika na joto lake. Wazee waliihesabu miezi hii kwa miongo, siku kumi kumi, tangu siku ya Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili. Na kwa mabaharia demani ina maana nyingine tena: ni kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga, na upande wa demani ni ule upande wa chombo usiopigwa na upepo.

Nimekaa na maana hizo mbili mwaka huu kuliko mwaka wowote. Urafiki wetu naona ndimo unamoishi, katika miezi hii na kwenye upande huo.

Sitawataja wenzangu kwa majina, hawakuniomba niwaandike. Mmoja ni fundi wa simu, ana meza yake mjini karibu na Marikiti. Mmoja anaendesha tuktuk. Mmoja ni mhudumu katika hoteli ya ufukweni upande wa Bamburi. Mimi nashughulikia karatasi za mizigo kwa wakala wa forodha. Wa tano ndiye huyo wa Leeds, anatunza wazee katika nyumba yao ya malezi, na huu ni mwaka wake wa kwanza. Sote tuko kati ya miaka 25 na 27.

Baraza lenyewe liko Kibokoni, katika Mji wa Kale, mbele ya nyumba ya matumbawe na chokaa ya tangu enzi. Limejengwa pamoja na ukuta, si kiti kilicholetwa baadaye, na jiwe lake limelainishwa na watu waliolikalia kabla hatujazaliwa. Nyumba imekaa kwa namna ambayo kusi hupita barabarani na kutuacha. Ukinyoosha mkono nje ya kona waupata upepo, ukiurudisha hauupati. Nilipojifunza ile maana ya mabaharia, nilijua mara moja inazungumzia pale.

Baraza halina mwaliko. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mtu anapita na mfuko wa unga mkononi, anaambiwa, "Wenda wapi? Ndoo ukae." Akikaa dakika 10 ni sawa, akikaa saa tatu ni sawa, na akikataa hakuna anayeuliza kwa nini. Hana haja ya kuja na habari. Hana haja ya kuwa na pesa. Waliojenga nyumba zile walijua kwamba mgeni anahitaji mahali pa kupokelewa hata kama ndani hapana nafasi ya kumpokea, wakampa jiwe la kudumu ukutani. Ninapokwenda kuwaona jamaa zangu kwenye maghorofa mapya ya Kisauni na Mtwapa, nakuta geti, mlinzi na daftari la kuandika jina, na hakuna hata hatua moja ya ukuta ya kukalia. Watu wamo humo miaka mitatu hawajuani. Laiti anayechora nyumba hizo angeweka baraza moja tu, nje, kabla ya geti.

Pasipo baraza, kuonana mpaka kupangwe, na kupanga kuna mashaka yake: nani ana nafasi, nani ana nauli, nani kaona aibu kwamba mwezi huu hana kitu. "Tutapanga" nimelisikia mara nyingi mno kutoka kwa watu ninaowapenda na ambao sijawatia machoni tangu mwaka juzi.

Najua tunavyosemwa. Vijana wa Mombasa wamezoea kukaa, ndivyo husemwa, na neno hilo laniuma kwa sababu anayelisema hupita tu, hajakaa akaona. Kwenye jiwe lile fundi alisikia kwamba kuna mzee anapangisha meza mjini, asubuhi yake akaenda kuikodi. Hapo ndipo tulipochanga nauli ya huyu wa Leeds, kidogo kidogo, miezi minane, pesa zikitumwa kwa M-Pesa kwa mama yake ili yeyote kati yetu asishawishike kuzigusa. Na hapo ndipo dereva alipokaa nasi siku nne mfululizo baada ya kumzika babake, bila kusema neno, nasi hatukumlazimisha aseme. Siku ya tano akauliza matokeo ya mpira. Sijui ofisi gani ingemfanyia hivyo.

Zipo baraza zilizoliwa na muguka, yale majani ya kutafuna, na nalisema kwa uchungu kwa sababu baadhi ya walioliwa tulisoma nao. Ukipita saa 4 asubuhi uwaona, mashavu yamevimba, macho yamewatoka, na ukiwasalimu wanakuitikia bila kukuona. Sisi tulikubaliana mapema: kahawa tungu, kashata, basi. Mwenye kutaka kingine aende kwingine, na arudi akimaliza.

Mbona demani, wala si mwezi wowote? Kwa sababu miezi mingine yote ina cha kututenga. Masika yanapoanguka Aprili na Mei barabara zetu hugeuka mito na dereva hulala na tuktuk yake popote maji yalipomkatia njia. Kusi likipamba moto hata ile kona yetu hupata vumbi. Januari na Februari jua la kaskazi hulipika jiwe la baraza hivi kwamba saa 3 usiku bado linachoma. Na kuanzia Disemba hoteli za pwani hujaa, mhudumu wetu hutoweka. Tunamwona kwa nadra mpaka Pasaka ipite, na hata akija huja na sare mwilini, amelala kabla kahawa haijapoa. Ukipiga hesabu, tumebakiwa na wiki chache za mwaka ambazo wote tuko mjini, wote tuna pumzi, na jiwe linakalika.

Jumamosi za wiki hizo zina mtiririko wake. Alasiri tunakutana Lighthouse, Mama Ngina. Mahali pale palitengenezwa upya, na sherehe za Mashujaa za 2019 zilifanyiwa hapo, lakini mibuyu ni ile ile na mihogo ni ile ile. Muhogo unachomwa juu ya makaa, unapasuliwa katikati, unatiwa chumvi, pilipili na ndimu hadi vidole vyote vinawasha. Wengine huchukua krisi za muhogo, mimi nataka wa kuchoma. Novemba embe ngowe zinaanza kuonekana, na hata kabla hazijaiva kuna zile mbichi za kukatwa vipande na kupakwa pilipili, zinazokufanya ufumbe jicho moja. Tunakaa ukutani kuelekea mlango wa bahari, na meli za kontena zinapita karibu mno, unaweza kuhesabu watu walio juu ya sitaha. Tuna mchezo wetu: kabla jina la meli halijasomeka, kila mtu aseme inatoka wapi. Wananishuku kwamba mimi nazijua kutoka kazini. Kwa kweli karatasi za meli na meli yenyewe ni vitu viwili mbalimbali. Kazini meli ni nambari, pale Lighthouse ni mlima wa chuma unaopita kimya huku mtoto aliye kando yako analilia dafu.

Mara moja moja tunavuka Daraja la Nyali kwenda kuogelea Pirates, Jumapili, kwenye umati na ngamia na mipira ya matairi ya kukodi. Demani maji ni safi, mchanga unauona ukiwa umesimama ndani hadi kifuani. Mhudumu hapendi kwenda. Anasema pwani kwake ni kazini.

Kisha mpira. Hapa ndipo majira ya Ulaya yanapotufikia sisi tusio na majani ya kupukutika. Kenya haigusi saa zake, tuko saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima. Uingereza, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Mechi za Jumamosi zinazoanza saa 9 alasiri za kule, kwetu huanza saa 11 jioni tangu Agosti, na ghafla wiki moja zinaanza saa 12. Na ndizo wiki ambazo jua letu linazama mapema kuliko wakati wowote wa mwaka, kama saa 12:10 hivi. Februari litachelewa karibu nusu saa. Kwa hiyo kabla ya mabadiliko adhana ya Magharibi huingia kipindi cha pili kikiwa kimeanza tu. Baada yake huingia mpira ukiwa haujafika dakika ya 15. Mwenye banda letu huzima sauti adhana inapoanza, wenye kwenda kusali tunaondoka, na ndugu zetu Wakristo wanaobaki hutulindia viti. Tukirudi wanatusimulia tulichokosa, mmoja akisema hivi, mwingine akikataa. Mabao kadhaa ninayoyakumbuka vizuri kuliko yote sikuyaona, nilisimuliwa.

Tangu aondoke, rafiki yetu hupiga simu ya video Jumamosi akitoka zamu, saa 2 usiku za kwake. Kwetu ilikuwa saa 4 usiku. Saa hiyo tuko barazani kwa vyovyote, mpira umekwisha, tumekula, muuza kahawa ameshateremsha dele lake, lile birika la kahawa. Simu ya fundi ndiyo huegemezwa, kwa kuwa ndiyo yenye kioo kizuri. Hatumuulizi "habari za huko" kama wageni. Tunaendelea na mazungumzo, naye huingia katikati, hubisha, hucheka, hunyamaza, hupika akitusikiliza. Wakati mwingine hupita robo saa bila mtu kumwambia lolote. Yeye yupo tu, kama tunavyokuwa sisi.

Kila mmoja wetu alijua kwamba mpira umesogea saa moja. Tulilalamika, tukazoea, tukapanga sala. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba na mtu wetu amesogea nao.

Jumamosi ile ya kwanza baada ya mabadiliko tulimsubiri hadi saa 4:30. Fundi akasema huenda kaongezewa zamu. Tukaagana. Mimi nilikuwa na meli ya kushughulikia karatasi zake Jumapili asubuhi, nikazima mlio wa simu nikalala. Alfajiri nikakuta amepiga mara tatu, saa 5 usiku juu ya alama, kwangu na kwa fundi na kwenye kundi letu la WhatsApp. Chini yake ujumbe: "Mushalala? Leo nilipika biriani, nilitaka kula nanyi." Na picha ya sahani moja mezani.

Sikwenda kazini kwa moyo mmoja siku ile. Nilijaribu kumpigia saa nne asubuhi, hakupokea. Kwake ni alfajiri bado. Mchana alikuwa zamuni. Tulipopatana usiku hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema taratibu, akiangalia pembeni: "Nilidhani mushaanza kuzoea nisipokuwepo."

Nikamweleza habari za saa. Akanyamaza, kisha akasema ndiyo, hata yeye alirudisha saa ya ukutani asifikirie kuwa sisi hatukurudisha ya kwetu. Jua kule lilikuwa likizama kabla ya saa 11 jioni. Alikuwa anaingia kazini na giza na kutoka na giza, na miti ya barabara yake ilikuwa imebaki vijiti. Siku saba nzima, alisema, mtu pekee aliyemwita kwa jina lake bila kulikosea ni bibi mmoja wa miaka 91 aliye chini ya uangalizi wake.

Kwenye baraza letu, kabla ya Isha, hukaa mzee jirani aliyefanya kazi melini ujana wake. Sisi humwamkia shikamoo, yeye hutuita wanangu, na kwa kawaida hasemi mengi. Nilipomsimulia yaliyotokea alitikisa kichwa. "Ukenda machweo saa yarudi nyuma, hilo ndilo lilivyo. Lakini nyinyi ndio mungemfuata. Yeye ndiye alotoka. Mtu alotoka ana mengi ya kushika, saa yake washikieni nyinyi."

Fundi alimsikia. Usiku ule ule aliweka saa ya pili kwenye kioo cha simu yake, ya Leeds, na wengine tukafuata. Ni jambo la sekunde kumi. Mimi naiangalia mara nyingi kuliko ninavyohitaji. Nikiwa kwenye foleni ya geti la bandari saa 3 asubuhi najua kule ni saa 12, na yeye anavaa viatu gizani.

Jumamosi iliyofuata vuli ilishuka. Ilianza kunusika kabla ya kunyesha, ile harufu ya vumbi na chumvi, kisha matone makubwa yakagonga mabati ya nyuma, kisha ikamwagika. Ilikuwa saa 4 usiku, mapema mno kwa simu na usiku mno kwa mtu mwenye kazi kesho kukaa kwenye mvua. Mhudumu alikuwa ameitwa kazini Jumapili, zamu ya saa 11 alfajiri, ya kwanza ya msimu. Safari yake ya kupotea imeanza. Nilidhani ataaga. Badala yake alijibanza kwenye kizingiti cha mlango, ule mlango mkubwa wa nakshi, akatusogezea nafasi. Dereva akaenda kuleta turubai la tuktuk. Tulilifunga kwenye nondo za dirisha kwa kamba ya katani, upande mmoja tukaushika kwa mikono kwa zamu, na muuza kahawa, ambaye hangeweza kuondoka na makaa yake kwenye mvua ile, akaingia chini yake pamoja nasi. Watu watano kwenye upana wa mlango mmoja, na dele katikati likitupa joto miguuni.

Hatukuzungumza mengi. Dereva alisimulia abiria aliyesahau mkoba. Fundi alipangusa simu kwa kanzu yake kila dakika, akaiegemeza kwenye dele, akaiondoa kwa kuogopa moto, akaiegemeza tena kwa mbali kidogo. Saa 4:45. Saa 4:50. Mkungu ulio mwisho wa njia uliangusha majani yake kwenye mfereji na maji yakayaleta hadi mbele yetu, mekundu, yakizunguka.

Saa 5 simu ikalia.

Alikuwa jikoni, amevaa sweta la shingo ndefu, dirisha nyuma yake jeusi. Aliangalia kioo akiwa amekunja uso, hajaelewa anachokiona: turubai, nyuso zimebanana, mvuke wa kahawa. Kisha akasikia.

"Hiyo ni mvua?"

"Vuli," akasema fundi, akaigeuza simu kuelekea barabarani.

"Nyamazeni kidogo," akasema. "Ngojani nisikize."

Tukanyamaza. Hata muuza kahawa akaacha kugonga vikombe.